Kipasuasanda wa darini kwangu

Mwaka jana mwezi wa nane niliamka saa 8 usiku nikasikia mtu anakoroma juu ya silingi. Sitanii. Sio kukwaruza kwa panya, panya nawajua, panya wa Morogoro wote tunafahamiana, hii ilikuwa koroma ya mzee aliyeshiba pilau, inavuta, inakaa, inaachia, halafu inajibiwa na nyingine ndogo pembeni yake. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikaisoma tena, koroma iko pale pale. Asubuhi nikamuuliza jirani wa chumba cha pili, baba wa watu ana mke na watoto watatu, nikamwambia kaka vipi, usiku umesikia mtu anakoroma? Akaniangalia weeee, akasema "mi nilidhani ni wewe."

Siku ya tatu jioni, magharibi imeshaingia, nimekaa kibarazani nasubiri umeme urudi, nikaona kitu cheupe kinachomoka kwenye tundu la pembeni ya paa pale ubao ulipooza, kikapita juu ya kichwa changu, na kilichonitisha sio weupe wake, ni kwamba hakikutoa sauti yoyote. Kunguru akipita unasikia mbawa. Njiwa ndo usiseme, makelele kama mtu anapiga makofi. Hiki kimepita kama shuka limerushwa na upepo, kikafika kwenye mwembe wa nyumba ya pili, ndo kikaachia: chwaaaaaaaa. Moja tu. Mke wa jirani akaingiza watoto ndani bila kusema neno, mlango ukapigwa komeo, na kufikia saa 2 nyumba nzima ya wapangaji ilishajua kwamba juu ya chumba changu anaishi bundi.

Kwa ambao hamjawahi kuishi nyumba ya kupanga ya choo kimoja, naomba mnielewe uzito wa hii ishu. Mimi ni bachela, narudi usiku, siongei sana, chumba changu cha mwisho kule uani. Halafu bundi kachagua silingi yangu mimi. Hapo hakuna tena kesi ya kusikiliza, hukumu ishatoka.

Nianze na jina, maana kwenye jina ndo stori yote imejificha. Sisi wengi siku hizi tunasema bundi, mkubwa bundi, mdogo bundi, yeyote mwenye macho ya mbele anaitwa bundi. Ila kamusi za zamani zina majina zaidi, kuna babewana, na kuna huyu wangu, mweupe tumboni, mgongo rangi ya mchanga, uso una umbo la kopa la karata, huyu anaitwa kipasuasanda. Bibi yangu Muheza alikuwa anamwita hivo hivo. Utotoni nikajua ni jina la kututisha watoto tulale mapema, kama vile zimwi.

Babu alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mjomba akanichukua tukanunue sanda, tukaingia dukani, ile bafta nyeupe ikashushwa, muuza duka akapima kwa ile rula ya mbao, akahesabu, akakata kidogo pembeni na mkasi, kama inchi moja tu, akaweka mkasi chini, akashika pande mbili akavuta. Chwaaaaaaaa. Pale pale mgongo wote ukanisisimka, maana ile sauti nilishaisikia usiku mara kibao na sasa ilikuwa inatoka kwenye mikono ya mtu, mchana kweupe, na mjomba anahesabu hela. Aliyempa yule ndege jina alikuwa na masikio mazuri, na alishawahi kusimama kwenye duka kama lile siku kama ile. Huyu ndege hata haimbi ile "huu, huu" ya bundi wengine, yeye ni kuchana kitambaa tu.

Na lugha yetu yenyewe ndo kabisa haijamsaidia. Kiswahili cha wazee neno ndege lina maana mbili, ni huyu anayeruka na ni dalili ya jambo litakalokuja, mtu akitoka safari akakuta heri njiani anaambiwa amepata ndege njema, akikuta kisirani hiyo ni ndege mbaya. Waarabu nao hivo hivo, neno lao la kuamini mkosi, tiyara, limetoka kwenye neno la ndege. Yaani kabla huyu kiumbe hajafungua mdomo tayari kazi yake imeshaandikwa.

Kinachonichekesha ni kwamba dini ilishalimaliza hili zamani sana. Madrasa tulifundishwa ile hadithi ya Mtume iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inayokanusha tiyara na inayokanusha kitu kinaitwa hama, na ustadhi wetu akatueleza hama ni nini. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa wanaamini mtu akiuawa na damu yake haijalipwa kisasi, kichwani mwake anatoka bundi, anakaa kaburini analia "ninywesheni, ninywesheni" mpaka ndugu walipize. Mtume akasema hakuna hicho kitu. Imeisha. Miaka elfu moja na mia nne imepita. Na bibi yangu, mwanamke asiyekosa swala hata moja, ambaye hiyo hadithi anaijua kuliko mimi, akimsikia kipasuasanda alikuwa anaamka, anatupa chumvi ya mawe kwenye makaa mpaka inapasuka pasuka, anafungua dirisha kidogo anasema "Pita zako! Kama una lako kalipeleke kwa aliyekutuma!" Halafu anarudi kulala. Nilimuuliza siku moja, bibi, ustadhi si kasema hakuna mkosi wa ndege? Akasema "Ustadhi kasema kweli. Na mimi chumvi ni yangu."

Sasa niwaambie ninachofikiria mimi, na nimekifikiria muda mrefu, tangu lile duka la sanda. Bundi alilia kweli wiki ile babu anaumwa. Sio uongo, tulimsikia wote, siku nne mfululizo. Lakini hebu angalia nyumba yenye mgonjwa mahututi ilivyo. Siku za kawaida kwa bibi saa 3 taa zimezimwa watu wamelala. Wiki ile chemli iliwaka mpaka asubuhi. Ndugu wametoka Korogwe, wametoka Pangani, watu kumi na kitu wanalala kwenye mikeka uani, wanapika masufuria makubwa, makombo yametapakaa, mahindi yameanikwa hayajaingizwa kwa sababu nani ana akili ya mahindi. Panya wakafuata makombo. Bundi akafuata panya. Na sisi tuko macho saa 9 usiku tunasikiliza pumzi ya mgonjwa, kimya kabisa, masikio yamesimama, kitu ambacho hakuna binadamu anafanya siku nyingine yoyote. Kwahiyo ndege aliyekuwa anapita pale kila wiki bila mtu kujua, wiki ile akasikiwa na kijiji kizima. Na babu asubuhi akafariki. Ungemwambia nani kwamba havihusiani?

Halafu kuna zile mara ambazo mgonjwa alipona. Mama yangu mwenyewe aliwahi kuumwa malaria ya kichwani, bundi akalia, na mama yupo hadi leo anauza vitumbua. Ila ile ya bundi kwenye ugonjwa wa mama hakuna anayeihadithia, inanogaje sasa stori ambayo mtu kaamka asubuhi akaomba uji.

Kwa hili hatuko peke yetu Wapwani. Wakikuyu wanamwita ndundu, Wajaluo wanamwita tula, na ukikaa nao stori ni ile ile, akilia kwenye boma kuna mtu ataondoka. Na msidhani ni mambo ya kijijini tu. Januari 2020 bundi aliingia ukumbi wa Bunge Dodoma, laivu, waheshimiwa wamekaa na makoti yao, ikawa minong'ono, mpaka Spika wa wakati ule, Job Ndugai, ikabidi awatulize kwamba kwa mila za watu wa Dodoma bundi akionekana mchana hana madhara. Ile klipu ilizunguka nchi nzima na hadi BBC ikawa habari. Watu walicheka, mi nilimuelewa Spika, alifanya kazi ya bibi yangu, katupa chumvi kwenye makaa kikao kikaendelea. Jirani yangu ni Mgogo, nikamkumbusha hiyo ya Bunge nikijua nimepata mtetezi. Akasema ndiyo, kweli kabisa, wa mchana hana neno. "Ila wa kwako kaka ni wa usiku."

Wakati huo huo, na hapa ndo nachanganyikiwa, watoto wetu wanalelewa na bundi mwingine kabisa. Nenda mtumba wowote, kwenye rundo la nguo za watoto hukosi sweta lenye bundi kavaa miwani. Mabegi ya shule bundi, vikombe bundi, daftari lina bundi kavaa kofia ya mahafali. Huyo ni bundi wa Wagiriki. Kwao alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa hekima, wakamchora kwenye sarafu za fedha za mji wa Athens miaka kama 2,500 iliyopita, na mpaka leo sarafu ya euro 1 ya Ugiriki ina yule yule bundi. Walikuwa na msemo kabisa, kupeleka bundi Athens, yaani kupeleka kitu mahali kilipojaa tele, sawa na umuuzie Mpemba karafuu. Wazungu wakamrithi, wakampa miwani, sisi tumempokea kwenye bale la mtumba.

Na Wahindi, wale waliokaa na wenye maduka ya Kihindi Tanga wanalijua neno ullu, mzee akikuta umepanga vitu hovyo anakuita ullu, maana yake bundi, na maana yake mjinga. Ila mzee huyo huyo ukimuangalia picha ya Lakshmi pale juu ya droo ya hela, kwa masimulizi yao yule mungu wa mali kipando chake ni nani? Bundi. Ndege mmoja ni mjinga na anaendesha utajiri. Hapo nikaacha kushangaa.

Dada yangu anaishi Marekani, mtoto wake anajifunza Kiswahili kwenye programu ya simu, ile yenye bundi wa kijani, ukiruka siku bundi anakutumia ujumbe anakuuliza uko wapi. Mtoto kapenda. Siku moja akampigia bibi yake, yaani mama yangu, wakaongea vizuri, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, bibi kafurahi mpaka machozi. Usiku mtoto akamtumia stika ya WhatsApp, bundi amevaa kofia ya kulalia, nyota zinamemeta, imeandikwa usiku mwema. Mama akanipigia mimi saa 5 usiku. Sauti ya chini. "Hivi huyu mtoto kafundishwa na nani huko?" Nilicheka mpaka nikakohoa, yeye hakucheka. Kesho yake nikakuta ameifuta na simu kaizima kabisa kwa muda, kaiweka kwenye kabati.

Haya turudi darini. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akaja. Mama mtu mzima, wa heshima, mlokole, kaja na kichupa cha mafuta ya upako mkono mmoja na mkono wa pili kapakiti ka sumu ya panya, yaani kajipanga pande zote. Mpango wake tuipake nyama sumu tuitupe kule juu. Nikamwambia mama naomba siku mbili.

Nilichokuwa nacho mimi ni ndoo. Chini ya lile tundu, kwenye sakafu ya uani, kulikuwa na vitonge vyeusi, saizi ya dole gumba, vikiwa vibichi vinang'aa kama vimepakwa varnishi. Wapangaji walidhani ni mavi. Sio. Bundi anameza panya mzima, nyama inayeyuka, mifupa na manyoya yanafungwa humo tumboni kama kifurushi halafu anayatapika. Nilivikusanya 22. Jioni nikakaa kibarazani, beseni la maji ya uvuguvugu, wembe na gazeti, nikaanza kuvipasua kimoja kimoja, watoto wa jirani wakaanza kuchungulia, kufika kitonge cha tano wamekaa wote wamenizunguka wananisaidia. Manyoya yanatoka kama pamba chafu, halafu ndani kafuvu kazima, keupe, kana yale meno mawili marefu ya rangi ya chungwa. Tulipanga kwenye gazeti kwa mistari. Mtoto mkubwa ndo alikuwa mhesabuji. Mafuvu 63.

Mama mwenye nyumba aliporudi nikamuonyesha gazeti. Yule mama ana stoo ya mahindi kule nyuma, gunia zaidi ya kumi. Akainama, akaangalia mistari ile kimya, akagusa kafuvu kamoja kwa ncha ya kidole. "Hawa wote walikuwa kwangu?" Nikamwambia mama, hao ni wa siku chache. Nikamwambia na ya sumu, kwamba zile sumu za kuua panya taratibu, zinazozuia damu yake isigande, zinabaki mwilini mwa panya, bundi akila panya na yeye anakufa, halafu panya wanaobaki hawana wa kuwala. Akarudisha kapakiti kwenye mkoba. Mafuta ya upako aliyapaka mlangoni kwangu, sikumkatalia.

(Morogoro hii hii, kule SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna panya wakubwa wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya wana kazi na bosi. Ila wale wa stoo ya mama hawajasoma, hao ndo nawaongelea.)

Baada ya hapo nikawa nasoma usiku badala ya kulala. Nikakuta kule Israel kibbutz ya Sde Eliyahu, yaani kijiji cha ushirika cha wakulima, walianza mwaka 1983 kutundika masanduku mashambani ili kipasuasanda huyu huyu azalie humo awalie panya, baadae wakulima wa Jordan na wa Palestina wakaingia kwenye huo mpango, na huko nako wakulima wengi wa Kiarabu bundi kwao alikuwa mkosi, ikabidi waelimishane. Malaysia wanafanya hivo kwenye mashamba ya michikichi. Nikasoma kwamba masikio yake hayako sawa, tundu moja liko juu kidogo lingine chini, na ule uso wa kopa ni dishi, unakusanya sauti, kwahiyo kwenye giza totoro anajua panya yuko kushoto au kulia, na juu au chini, anamkamata bila kumuona. Ukingo wa mbele wa bawa una vijimeno kama kitana vinavyovunja upepo, ndo maana sikusikia kitu siku ile. Na shingo ina mifupa 14, ya kwetu 7, anageuka digrii 270 kwa sababu macho yake hayazunguki humo yalimo. Kwahiyo akikugeuzia kichwa vile, ni kukuangalia tu.

Na kuna kitu kilinikera kuhusu mimi mwenyewe. Kuna bundi mdogo sana, gramu 50 hivi, uzito wa yai la kuku, anaitwa bundi wa Sokoke. Wanasayansi walimuandika mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumuona, waongozaji wa pale wanaingia vichakani kimya kimya mpaka wanamkuta kasinzia kwenye tawi na mwenzie, wamebanana. Duniani anaishi sehemu mbili tu zinazojulikana. Moja ni huko pwani ya Kenya. Nyingine ni misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Kule kule kwetu, wilaya ya Muheza. Nimekua nimezungukwa na ndege ambaye mtu wa Uholanzi anaweka hela miaka mitatu aje amuone, na mimi nilichojua ni kuvuta shuka kichwani.

Watoto wa darini walikuwa wanne, wa saizi nne tofauti, mmoja mkubwa mmoja kitoto kabisa, kwa sababu mama yao huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Ile koroma ndo ilikuwa wao wanaomba chakula. Mwisho wa mwezi wa tisa wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanakaa ukingoni mwa paa wanayumba kama walevi, na watoto wa jirani wakawa wamewapa majina, baba yao anajifanya hasikii. Mwezi wa kumi darini kukawa kimya. Jirani akaniambia "wako wamehama," nikaona kama anasikitika hivi, ila siwezi kuapa.

Wiki iliyopita mmoja karudi. Sijui ni mama au ni mtoto. Saa 9 usiku, juu ya bati, chwaaaaaaaa. Bibi sasa hivi ana miaka themanini na kitu na miguu inamsumbua. Nililala pale nikijua yote haya niliyowaandikia, masikio ya juu na chini, vijimeno vya bawa, na lile gazeti la mafuvu 63 nimelihesabu kwa macho yangu. Nikanyoosha mkono gizani nikaigeuza simu, nione kama kuna mtu kanipigia kutoka Muheza.